Hofu, Dhahabu, au Vyote Viwili? Kupima Maelezo ya Vita vya Uganda katika Ituri

Hapa Kilo liko ulizo moja lisilozeeka. Jioni, watu wakiisha kunawa matope ya machimbo, au siku ya Jumapili baada ya Misa, yatosha mtu mmoja kutaja mwaka 1998, na ulizo linarudi: Askari wa Uganda walivuka mpaka kutafuta nini? Mmoja hujibu mara moja: "Dhahabu. Wangetafuta nini kingine Kilo?" Mwingine, hasa aliyepata kukaa ng'ambo ya ziwa, husema: "Sivyo. Walikuwa wakiwafukuza adui zao waliojificha kwetu." Basi kila mmoja hushika lake, na mazungumzo huishia pale pale yalipoanzia.

Wasomaji wetu wasidhani kwamba haya ni mabishano ya kupotezea wakati. Mtu aliyechomewa nyumba ana haki ya kujua sababu yake. Tena sababu hiyo imepimwa mbele ya mahakama. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko The Hague, iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita ile. Wakati huo huo askari wa Uganda wamekwisha kurudi Kongo tangu Novemba 2021, safari hii kwa kupatana na serikali ya Kinshasa. Asiyejua jirani yake alikuja jana kwa sababu gani, atawezaje kujua kama leo anakuja kwa heri?

Kwa hiyo tunataka kuyapima maelezo yanayotolewa. Tunataka hasa kulipima wazo moja linalopendwa sana na wenye elimu ya mambo ya dola, yaani kwamba maelezo yanayoshindana yasichaguliwe moja, bali yaunganishwe. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini walisema pia kwamba mshika mbili, moja humponyoka. Tuone mithali ipi yafaa hapa.

Mambo yalivyotokea

Tuanze kwa kuyapanga mambo kwa miaka yake, maana bila hivyo kila mtu atachukua kipande kinachompendeza.

Mwaka 1996 Uganda na Rwanda zilisaidia majeshi ya Laurent-Désiré Kabila kumwondoa Mobutu. Mei 1997 Kabila akashika utawala, akaikubalia Uganda iweke askari upande wa mashariki ili kuwazuia waasi wa ADF waliokuwa wakishambulia kutoka milima ya Ruwenzori. Tarehe 27 Aprili 1998 serikali mbili zikatia sahihi mapatano juu ya ulinzi wa mpaka. Tarehe 8 Juni mwaka ule ule, waasi hao waliwachoma moto wanafunzi wapatao 80 katika chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal. Mwishoni mwa Julai Kabila akaagiza majeshi ya kigeni yaondoke. Agosti 2 vita vikaanza, na kabla ya mwezi kwisha askari wa Uganda walikuwa Bunia.

Hawakukomea hapo. Walifika Kisangani. Julai 1999 walikuwa Gbadolite, kwao Mobutu, mbali sana na Ruwenzori. Juni 1999 mkuu wa majeshi yao katika Kongo, James Kazini, aliunda jimbo jipya la Kibali-Ituri na kumweka Adèle Lotsove kuwa gavana. Juni 2000 walipigana na Wanyarwanda, rafiki zao wa jana, katikati ya mji wa Kisangani, kwa siku sita. Raia wengi walikufa katika ugomvi usiokuwa wao. Septemba 2002 yakafanywa mapatano ya Luanda, na tarehe 2 Juni 2003 jeshi la Uganda likawa limetoka Ituri. Nyuma yake liliacha nchi iliyochinjana.

Maelezo ya hofu

Maelezo ya kwanza ni ya hofu. Wenye elimu wa shule hii husema hivi: dola hazina polisi juu yao. Kila moja yajilinda yenyewe. Jirani akiwa dhaifu, nyumba yake ikawa pango la wezi, mwenye busara hangoji aibiwe.

Maelezo haya si uongo. Wanafunzi wa Kichwamba waliuawa kweli, na wazazi wao walilia kama wa kwetu. Serikali yo yote ingetikisika. Maelezo haya yatuonyesha kwa nini mambo yalitokea mwaka 1998 na si mwaka 1988: wakati ule Kongo ilikuwa imelegea, na hatari ilikuwa imekaribia.

Lakini jaribu kuyatembeza maelezo haya kutoka Ruwenzori mpaka Gbadolite, nawe utaona yanachoka njiani. Mahakama yenyewe, katika hukumu ya tarehe 19 Desemba 2005, ilisema kwamba kutwaa viwanja vya ndege na miji iliyo mamia ya kilometa kutoka mpakani hakulingani na mashambulio yaliyosemwa. Tena adui gani wa Uganda alikuwa amejificha ndani ya mashimo ya Mongbwalu? Na kama hofu ya waasi ndiyo sababu yote, kwa nini Uganda na Rwanda, zilizodai hofu ya namna moja, zilipigana zenyewe kwa zenyewe?

Maelezo ya dhahabu

Maelezo ya pili ni ya mali. Haya hayahitaji mwalimu hapa kwetu. Tangu mwaka 1903, dhahabu ilipogunduliwa katika nchi hii, kila mwenye nguvu aliyepita Kilo ameinama kutazama mchanga. Aprili 2001 wataalamu waliotumwa na Umoja wa Mataifa walitoa taarifa iliyoonyesha kwamba Uganda ilikuwa ikiuza nje dhahabu kupita kiasi inachochimba yenyewe. Mwenye kuuza mayai kila siku na hafugi kuku, jirani zake watamwuliza.

Maelezo haya nayo si uongo. Lakini yana kasoro ambayo sisi wa Kilo hatupendi kuiona. Dhahabu ilikuwa chini ya ardhi yetu mwaka 1970, na mwaka 1980, na mwaka 1990, na askari wa Uganda hawakuja. Jambo ambalo lipo siku zote haliwezi peke yake kueleza jambo lililotokea siku moja. Vile vile, mwaka 2003 dhahabu haikuwa imekwisha, na hata hivyo waliondoka. Kama tamaa ni sababu tosha ya kuingia, ni nini kilichoishinda tamaa ile walipotoka?

Maelezo ya watu na makundi

Maelezo ya tatu husema kwamba tunakosea tangu mwanzo tunaposema "Uganda ilitaka hivi." Dola si mtu mmoja mwenye kichwa kimoja. Graham Allison, mtaalamu wa Marekani, alionyesha jambo hili mwaka 1971 katika kitabu chake juu ya hatari ya vita ya mwaka 1962, wakati silaha za Kirusi zilipopelekwa Kuba. Alilitazama tukio lile lile mara tatu: kwanza kama shauri la dola yenye akili moja, kisha kama kazi ya maofisi yenye desturi zake, kisha kama mvutano wa wakubwa, kila mmoja na faida yake. Kila mara aliona mambo ambayo hakuyaona mara ya kwanza.

Kwa upande wetu, Philip Roessler na Harry Verhoeven waliandika mwaka 2016 kitabu juu ya chanzo cha vita vya 1998. Wao waonyesha jinsi rafiki waliomwangusha Mobutu pamoja walivyopoteza imani kati yao, kwa kuwa walikuwa wameshinda vita kabla ya kujenga njia ya kugawana utawala. Ni kitabu cha manufaa, kwa sababu chawapa viongozi nyuso na majina. Lakini msomaji wa Ituri atauliza: ugomvi wa wakubwa watupeleka mpaka Agosti 1998, je, miaka mitano iliyofuata? Ofisa aliyekaa Bunia hakuwa anawaza kila asubuhi juu ya urafiki uliovunjika. Alikuwa na jeshi, na barabara, na watu wenye mashamba makubwa waliomlipa awalinde.

Je, tuyachanganye?

Hapa ndipo wazo la kuunganisha linapoingia. Si wazo jipya. Thucydides, Mgiriki aliyeandika habari za vita vya Athens na Sparta zaidi ya miaka 400 kabla ya Kristo, aliwataja Waathene wakikiri kwamba waliongozwa na mambo matatu pamoja: hofu, heshima na faida.

Mwaka ule ule wa vita vyetu, 1998, Gideon Rose aliandika makala akiisifu njia iliyotaka kupanga mambo kwa daraja. Kwanza, nguvu ya dola na ya jirani zake huweka mipaka ya yale yawezekanayo. Kisha, mawazo ya viongozi na hali ya ndani ya nchi huamua lipi litafanyika. Mwaka uliofuata Jeffrey Legro na Andrew Moravcsik wakawajibu watu wa shule hiyo kwa ukali. Waliuliza kama shule ya nguvu ingali ipo, ikiwa kila inaposhindwa inaazima hoja za wapinzani wake na kuendelea kujiita kwa jina lile lile. Mwaka 2010 Rudra Sil na Peter Katzenstein wakaandika kitabu kuwatetea wanaochukua kipande hapa na kipande pale, mradi watatue shida za kweli za watu, si kushindania jina la shule.

Sisi twaona hivi. Sil na Katzenstein wana haki kusema kwamba mtu mwenye shida hatazami jina la shule. Mgonjwa hamwulizi mganga kasomea wapi, ataka kupona. Lakini onyo la Legro na Moravcsik lisitupwe. Maelezo yanayoweza kumeza kila jambo hayaelezi jambo. Tumesikia mara nyingi mtu akiulizwa juu ya vita vya Ituri, naye hujibu: "Sababu ni nyingi: usalama, mali, siasa, ukabila, ukoloni, umaskini." Amesema kweli, naye hakusema kitu. Ni kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda Bunia akataja barabara zote za Kongo.

Mama apikaye sombe hutwanga kwanza, kisha huchemsha, ndipo hutia mawese. Vitu ni vile vile, lakini vikitiwa ovyo, chakula hakiliki. Basi kuunganisha maelezo kwataka mpango, nasi twapendekeza mpango wenye masharti matatu. La kwanza: kila elezo lipewe ulizo lake, lisijibu maulizo yote. La pili: lipewe wakati wake, maana sababu ya kuingia si lazima iwe sababu ya kukaa. La tatu: isemwe mapema ni jambo gani likionekana litaliangusha.

Tukifuata masharti hayo, habari yetu inakuwa na sura. Kwa nini mlango ulifunguliwa mwaka 1998? Hofu ya mpakani na kuvunjika kwa urafiki na Kabila vyajibu vizuri. Dhahabu yajibu vibaya. Kwa nini walisonga mbele na kukaa miaka mitano, wakaunda na majimbo? Hapa hofu imechoka. Mali, na uhuru wa maofisa waliokuwa mbali na macho ya Kampala, vyajibu vizuri zaidi. Kwa nini walipigana na Rwanda Kisangani? Mali na heshima, yaani nani atakuwa mkubwa. Kwa nini walitoka mwaka 2003? Hapa hofu na faida zote mbili zilikuwa zimegeuka: mataifa yalisukuma, mapatano ya Luanda yalikuwa yametiwa sahihi, na gharama ya kukaa ilizidi. Na kama siku moja zikionekana barua za mwanzo wa 1998 zinazoagiza jeshi likatwae machimbo, basi mpango wetu utaanguka, nasi tutaukiri uongo wake. Hivyo ndivyo elezo la kweli linavyotofautiana na maneno matupu.

Sababu nyingi si udhuru

Liko jambo jingine, nalo kwetu ni kubwa kuliko yote. Watu wengine huogopa kuunganisha sababu kwa kuwa wadhani hatia itayeyuka. Hofu hiyo ina msingi. Baada ya taarifa ya mwaka 2001, serikali ya Uganda iliweka tume ya uchunguzi chini ya Jaji David Porter. Tume iliwalaumu maofisa kadhaa, lakini haikuiona serikali yenyewe kuwa mwizi. Msomaji mwepesi aweza kusema: "Basi, ni wachache tu, dola haina neno."

Lakini tazameni jinsi Mahakama ya The Hague ilivyofanya mwaka 2005. Ilikataa kusema kwamba palikuwa na shauri la serikali la kupora Kongo, kwa sababu haikuona ushahidi wa shauri hilo. Papo hapo ikasema kwamba maofisa na askari, hata wa vyeo vya juu, walipora. Kwamba Uganda ilikuwa mtawala wa Ituri kwa nguvu, tena uundaji wa jimbo la Kibali-Ituri ulikuwa ushahidi wazi. Na kwamba anayeitawala nchi ya mwenzake hivyo hana budi kuwazuia watu wake. Hakuzuia, basi atalipa. Katika zile dola milioni 325, milioni 225 ni kwa ajili ya watu walioumia na kufa, milioni 40 kwa mali zao, na milioni 60 kwa utajiri wa nchi. Na ili tusiwe waongo kwa kunyamaza, tuseme pia kwamba Mahakama iliona kosa la Kongo, kwa yale yaliyotendwa katika ubalozi wa Uganda mjini Kinshasa.

Hukumu ile, ijapokuwa haikuandikwa kuwa somo la nadharia, ni mfano bora wa kuunganisha kuliko vitabu vingi. Ilitenga kusudi na tendo, mkubwa na mdogo, kisha ikaonyesha kamba inayowafunga pamoja. Nasi tulioungama tangu utoto twaelewa jambo hili bila shida: mtu hutenda dhambi kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu. Kutozuia nako ni kosa lenye jina lake.

Kisichoonekana

Tunayo lawama moja kwa maelezo yote matatu, hata yakiunganishwa. Yanatazama Ituri kama uwanja tu ambapo wengine wanacheza. Kongo yaonekana kama udhaifu, si kama watu. Lakini ugomvi wa mashamba katika Djugu, ulioanza kuua watu mwaka 1999, haukuletwa kutoka Kampala katika sanduku. Mahakama iliona kwamba askari wa Uganda walichochea chuki kati ya makabila. Kweli, lakini mwenye kuchochea huhitaji makaa. Viongozi wa vyama vya silaha vya kwetu walivuka ziwa kuomba msaada, huyu leo, yule kesho. Thomas Lubanga, aliyehukumiwa na Mahakama ya Jinai ya Kimataifa mwaka 2012 kwa kuwatia watoto vitani, ni mtu wa Ituri. Na mauaji yaliyoanza upya Djugu mwishoni mwa 2017 hayakungoja jeshi la kigeni.

Hatusemi hayo ili kumpunguzia jirani mzigo wake. Twasema ili elezo liwe kamili. Anayesema "ni wao tu" anajifungia njia ya kutengeneza lililo mkononi mwake.

Leo tutazame nini?

Tarehe 30 Novemba 2021 Uganda ilianza tena kupiga ADF ndani ya Kongo, na Februari 2025 askari wake wakaingia tena Bunia. Safari hii wamekaribishwa na Kinshasa, na hofu ya ADF ni ya kweli. Walioomboleza Irumu na Mambasa wajua. Lakini sasa kuna pia mafuta ya petroli ufukoni mwa Ziwa Albert upande wa Uganda, na barabara za biashara, na dhahabu ingali ikivuka ziwa. Mtu atuambie "ni usalama", tutamjibu: huenda. Mtu atuambie "ni mali", tutamjibu vile vile: huenda. Kisha tutauliza maulizo yetu: Walioingia kwa sababu hii, wakaa kwa sababu gani? Jeshi liko mahali adui alipo, au mahali mali ilipo? Ofisa akikosa, nani anamzuia, naye anazuia kweli?

Maulizo hayo hayataki chuo kikuu. Mama auzaye mihogo sokoni Kilo aweza kuyauliza, na mzee aliyekimbia mara mbili aweza kuyajibu kuliko wengi wetu. Yeye huona lori lipi linapita usiku, na linaelekea wapi. Basi jioni nyingine, mabishano ya hofu na dhahabu yakianza tena, tusimnyamazishe ye yote kati ya wale wawili. Tumwulize kila mmoja: elezo lako ni la mwaka gani?